Chokoleti za Cheo Kisicho Changu

Wiki iliyopita niliwaacha ninyi wasomaji nje ya mlango wa metroni, mkono wangu ukiwa juu ya kitasa. Kwa msomaji anayeingia leo, habari yangu ni fupi na haina utamu. Mume wangu Plamen alikwenda Uhispania kuchuma stroberi kwa msimu mmoja tu. Msimu huo haujaisha hadi leo, na sasa una mke na mtoto wa kike. Mimi nimebaki hapa mjini kwetu kando ya mto Danube, na mama yake Plamen, na kazi yangu ya usista katika wodi ya wagonjwa wa moyo na sukari.

Nilipata nafasi ya kwenda Bavaria, kwa Wajerumani, kutunza wazee. Nikaikataa. Niliikataa kwa sababu Sista Raina, mkuu wa wodi yetu anayestaafu mwezi huu, alinishika mkono akaniambia, "Usiende, Zdravka. Kiti changu ni chako." Nikampigia simu Lilia, yule aliyekuwa sista hapa hapa kwetu, aliyesoma darasa moja na metroni, ambaye sasa anawatafutia Wajerumani watu wa kazi. Nikamwambia asante, nabaki nyumbani.

Sasa nisikilizeni, na mkinicheka mna haki.

Asubuhi ile mama mkwe alimwaga maji kizingitini ili siku yangu itiririke bila kukwama. Nikayaruka nikicheka. Njiani nikapitia dukani nikanunua boksi kubwa la chokoleti, lile lenye mawaridi kwenye kifuniko, nikalitia katika mfuko wa nailoni, koti langu jeupe la kazi juu yake.

Kwetu mwenye heri ndiye anayelisha wenzake. Ukipata mtoto, ukipata cheo, ukinunua hata gari bovu, unapita chumba kwa chumba na boksi lako wazi. Kila mtu anachukua moja na kukutakia mema. Usipopita unaitwa bahili mpaka kaburini, na hata huko kaburini watu wataulizana ulikuwa na nini cha kuficha.

Nilinunua chokoleti kabla ya kupewa cheo. Huo ndio ujinga wangu wa kwanza. Ungekuwa wa mwisho, leo nisingekuwa na haya.

Nikaingia.

Metroni Vaskova alikuwa dirishani, na dirisha liko wazi kama kawaida yake. Hospitali nzima watu wanaogopa upepo wa dirisha kuliko wanavyoogopa homa, lakini yeye hafungi, kiangazi wala theluji. Alinikalisha upepo ukinipiga shingoni.

"Zdravka, nimekuita wewe kwanza kwa sababu wewe ni mtu mzima. Sikutaka ulisikie jambo hili mbele ya watu."

Hapo nilijua. Mtu akikuambia wewe ni mtu mzima, jua kuna kidonge kichungu.

"Ni Sevda," akasema.

Sevda. Msichana niliyemfundisha mwenyewe kutafuta mshipa kwenye mkono wa mzee. Msichana tuliyekaa naye jikoni kwangu msimu wote wa baridi tukijifunza Kijerumani, mama mkwe akitucheka kwamba tunabweka. Yeye naye aliomba cheo, lakini aliomba kwa sababu mimi nilimwambia aombe, ili usaili usionekane wa mtu mmoja.

"Ana digrii," nikasema.

"Digrii si kitu. Unakumbuka swali la daktari mkuu kwenye usaili? Daktari akiandika dozi isiyo sahihi, utafanyaje?"

Nilikumbuka. Nilijibu kwamba ningesubiri atoke, halafu nimpe mgonjwa dozi iliyo sahihi, na asubuhi nimkumbushe daktari kwa upole, tukiwa wawili.

"Sevda alisema angemwambia pale pale kitandani," metroni akasema. "Daktari alikasirika kidogo, kisha akacheka. Wewe unanyamaza, mwanangu. Unanyamaza vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na wagonjwa wengi wamepona kwa sababu hiyo. Lakini kiti hiki ni cha mtu anayesema."

Nikanyamaza. Ningefanya nini tena?

"Nakuomba jambo moja. Daktari mkuu yuko Sofia leo, na anataka amtangaze mwenyewe kesho asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu. Sevda hajui. Usimwambie mtu."

"Sawa, metroni."

"Hongera kwa moyo wako," akasema, akanifungulia mlango.

Nilipanda ngazi kurudi wodini nikiwa na shabaha moja tu, kuuficha ule mfuko kwenye kabati langu, halafu jioni nile chokoleti zote peke yangu mpaka niugue.

Lakini siku ya nyani kufa miti yote huteleza. Mlangoni mwa wodi nikagongana na Bonka, mhudumu wetu wa usafi, mwanamke mwenye macho ya mwewe na mdomo wa redio. Mfuko wa nailoni unaonyesha kilichomo. Mawaridi yale yakamtazama, naye akayatazama.

"Sista Zdravka," akasema polepole, "umetoka kwa metroni."

"Ndiyo."

"Na boksi."

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno. Ningesema ni ya mama mkwe. Ningesema ni ya daktari wa meno. Nilifungua mdomo, lakini kabla haujatoa kitu Bonka alikuwa ameshaigeukia korido yote.

"Jamani, njooni. Kiti kimepata mwenyewe."

Wakatoka. Wakatoka masista, wakatoka wagonjwa wanaoweza kutembea na dripu zao za magurudumu, akatoka hata fundi wa lifti ambaye tulikuwa tukimtafuta tangu Krismasi. Mtu akanibusu shavu la kulia, mwingine la kushoto. Mtu akasema, "Ilikuwa wazi, nani mwingine?" Mtu akasema, "Miaka ishirini na mbili ya jasho, siyo ya mchezo."

Sikusema ndiyo. Nataka mlijue hilo, ingawa halinisaidii. Sikusema ndiyo hata mara moja. Nilichofanya ni kulifungua boksi.

Mikono yangu ilifungua yenyewe. Nilisikia karatasi ikichanika. Nikaona vidole vikiingia, vidole vya mikono yenye nyuzi nyekundu na nyeupe za mwezi Machi, maana kila mtu alikuwa amefungwa uzi wake wa heri na anasubiri kumwona korongo wa kwanza ndipo aufungue. Wakala, wakanitakia afya, wakanitakia miaka mingi katika kiti.

Nikapita chumba kwa chumba. Ukishaanza huwezi kukiacha chumba, itakuwa matusi.

Chumba cha nne alikuwamo Mzee Asen, baba yake Sevda. Alipata kiharusi mwezi uliopita, mguu wa kushoto unaburuta, na sukari yake inapanda na kushuka. Hana mtu ila binti huyo. Alipoona boksi akakaa kitandani na kujinyoosha shati, kama mtu anayepokea mgeni.

"Mzee, wewe hapana," nikamwambia. "Sukari."

"Nikatae chokoleti ya heri yako? Unanitaka nikutakie mabaya?" Akachukua moja. "Nitakula nusu. Nusu nyingine nitamtunzia Sevda, nimwambie tulisherehekea wote."

Akaitafuna taratibu. Kisha akasema kitu ambacho bado kinanichoma.

"Nitakuwa mkweli kwako, sista, kwa sababu unanigeuza usiku bila kulalamika. Mimi nilikuwa namwombea binti yangu kiti hiki. Nilijua akikipata hatakwenda mbali. Lakini Mungu ameona inavyofaa. Hayo yalikuwa matumaini yangu, si deni lako. Ishi miaka mingi."

Nikamshukuru. Ndugu zangu, nilimshukuru. Nilimpa mgonjwa wa sukari chokoleti ya uongo, akanibariki nayo, nikasema asante.

Nilipotoka, Sevda alikuwa ananisubiri mlangoni mwa chumba cha dawa. Alinivuta ndani, akafunga mlango, akanikumbatia mpaka kofia yangu ikaanguka. Alikuwa analia.

"Dada Zdravka, hujui ulivyonitua mzigo."

"Mzigo gani?"

"Nilikuwa nimekuficha jambo. Nilikuwa naona aibu." Akajifuta kwa mkono wa koti. "Ile nafasi yako ya Bavaria uliyoikataa, Lilia alinipigia mimi. Wananishikia mpaka leo mchana. Ninatakiwa niwape jibu wakati wa chakula."

Nikaegemea friji ya insulini.

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Nilijiambia hivi. Wakinipa kiti cha Sista Raina, nabaki na baba. Nitapata zamu za mchana tu, nitamwangalia. Kama ni chako, basi sina sababu ya kuoza hapa na zamu za usiku, sista mmoja kwa vitanda thelathini. Nikienda, nitamlipia mtu wa kumtazama baba. Nilikuwa nakaa usiku nikivutwa kama kamba, huku na huku. Sasa wewe umeikata. Na nimefurahi kwamba ni wewe, wallahi, angekuwa mtu mwingine ningeumia."

Mnaona mambo yalivyokaa? Kiti kilikuwa chake. Alikitaka kiti ili asimwache baba yake. Na alikuwa anakwenda kukitupa mchana huo huo, kwa sababu aliniona nimebeba boksi.

"Sevda," nikasema. "Ngoja."

"Najua utasema nini. Utasema baba." Akaushika mkono wangu, akacheza na uzi wangu mwekundu na mweupe ambao yeye mwenyewe alinifunga. "Nimeshazungumza naye jana. Alisema nenda, mimi si gogo la kukufunga miguu. Halafu akageukia ukutani. Usinirudishe nyuma, dada. Nikirudi nyuma sasa sitakwenda tena."

"Si hivyo, ni kwamba…"

Kengele ya chumba cha pili ikalia. Sevda akachukua kipimo cha presha, akanitengenezea kofia kichwani vizuri, akacheka huku macho bado yamelowa.

"Uzi wangu nitaufungua nikimwona korongo wa Kijerumani," akasema, akatoka.

Ningemfuata. Korido ni hatua chache. Badala yake nilibaki nimeegemea friji, na sasa nitawaambia kitu ambacho sijamwambia hata padri. Ndani yangu, chini kabisa ya aibu, kulikuwa na furaha. Ndogo, lakini ilikuwepo, na ilikuwa na akili. Ilikuwa inanong'ona kwamba Sevda akishaahidi Bavaria, kesho daktari mkuu atamtangaza mtu anayeondoka. Na mtu anayeondoka hakalii kiti. Na wa pili katika usaili alikuwa nani?

Sikuwa nimesema uongo. Nilikuwa nimegawa chokoleti tu. Hivyo ndivyo nilivyojitetea.

Nilipotoka chumba cha dawa, Sista Raina alikuwa ananingoja mbele ya stoo ya mashuka. Alikuwa bado ana siku chache za kazi, na alizimaliza kwa kuhesabu foronya, kazi ambayo hakuna aliyempa. Nilimpelekea boksi. Desturi ni desturi.

Alichukua moja. Hakuila. Aliitia mfukoni mwa koti lake, akanifungulia mlango wa stoo.

"Ingia."

Nikaingia kati ya mashuka.

"Umewalisha watu kwa heri gani, Zdravka?"

Usoni kwake nikaona kwamba anajua kiti ni cha nani.

"Metroni amekwambia ni Sevda," akasema. "Aliniuliza mimi kabla ya kuamua. Mimi ndiye niliyemtaja Sevda."

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe uliniambia kiti ni changu. Ulinishika mkono huu."

"Nilikushika." Hakuangalia pembeni, na hilo nampa sifa yake. "Ungeniambia unakwenda Bavaria, wodi ingebaki na nani? Sevda ni shupavu, lakini ni mchanga. Atagombana na madaktari, atashinda, halafu wagonjwa watamshinda. Nilitaka mmoja akae kwenye kiti na mwingine akishikilie kisianguke. Wewe unajua kushikilia. Nilijua ukipewa ahadi utabaki, na ukishabaki hutaondoka."

"Ulinivisha kilemba cha ukoka, Sista Raina."

"Nilikuvisha. Nitajibu kwa Mungu. Lakini mimi nimedanganya kwa ajili ya wodi. Wewe umegawa chokoleti kwa ajili ya nani?"

Ningependa kuwaambia kwamba nilijibu kitu kikali. Nilikuwa na haki ya kukasirika, na nilikasirika kweli, mpaka masikio yakapata moto. Nilikuwa nimeikataa Bavaria kwa neno la mwanamke huyu. Lakini hasira ile niliipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ilinipa kisingizio. Wamenichezea, nikajiambia. Basi nami sina deni na mtu.

"Bonka alipiga kelele," nikasema. "Nilishindwa kuwaumbua watu."

"Ulishindwa kujiumbua wewe." Akakunja foronya. "Haya, si kitu. Kesho asubuhi daktari atasema, utaona haya siku moja, watu watacheka wiki moja, kisha fundi wa lifti atatoroka na mke wa mtu nao watakusahau. Lakini mwambie Sevda leo. Asilisikie mbele ya watu kwamba dada yake alikula sherehe yake."

Hakujua kwamba Sevda naye ameitwa Bavaria. Hakujua kwamba kufikia kesho asubuhi Sevda atakuwa ameshaahidi kuondoka. Ilitosha nimwambie sentensi moja, na Sista Raina, kwa jinsi ninavyomjua, angekimbia koridoni na miguu yake yenye mishipa iliyovimba akamkamata msichana kwa koti.

Sikuisema.

"Nitamwambia," nikasema tu.

"Kabla ya chakula."

"Kabla ya chakula."

Akaitoa ile chokoleti mfukoni, akaiweka juu ya rundo la mashuka mbele yangu, akaenda zake. Tangu nimezaliwa sijapata kuona mtu kwetu akirudisha chokoleti ya heri.

Niliila mimi. Sikujua nifanye nini kingine nayo.

Saa ya chakula ikafika. Harufu ya supu ya maharagwe ikapanda kutoka jikoni, Bonka akawa anasukuma toroli na kuwatangazia wagonjwa kwamba mkuu mpya hatawapa supu ya maji matupu kama wa zamani. Wagonjwa wakanipigia makofi na vijiko. Mama mkwe naye akapiga simu. Nilipoiona namba yake nikaikata, maana nilijua jirani zetu wote wameshaambiwa tangu yale maji yalipomwagwa.

Nikapita chumba cha nne. Mzee Asen alikuwa hajala. Ile nusu ya chokoleti ilikuwa juu ya meza yake, juu ya karatasi yake ya dhahabu, ameikunjulia pembe vizuri.

"Sevda amekwenda uani kupiga simu," akaniambia. "Ile simu yenyewe."

"Ile ya Bavaria?"

"Amekuambia?" Akaitazama ile nusu chokoleti. "Vizuri. Wewe humfichi kitu, naye hakufichi kitu. Nilimwambia, mwenye dada kama huyo hata baba akifa hayuko peke yake."

Hapo nikakimbia. Naapa nilikimbia kwenda kumzuia. Neno lile la mzee lilinisukuma mgongoni, nikaruka ngazi za nyuma mbili mbili, nikijifunza njiani sentensi yangu kama nilivyokuwa nikijifunza Kijerumani: kiti ni chako, kiti ni chako, kiti ni chako. Sentensi nyepesi. Mtoto wa chekechea angeiweza.

Uani Sevda alikuwa amesimama chini ya madirisha ya utawala, simu sikioni, mkono mwingine ukiwa kifuani. Aliponiona uso wake ukang'aa. Akanipungia nije haraka.

"Huyu hapa, bibi Lilia, amekuja mwenyewe," akasema kwenye simu. Kisha kwangu, kwa kunong'ona, "Wanataka mtu aliyefanya kazi na mimi anisemee. Nimewaambia mkuu wangu wa wodi atanisemea. Ni wewe sasa, dada."

Na akaniwekea simu mkononi.

Ilikuwa ya moto kutoka sikioni kwake.

"Zdravka?" Ilikuwa sauti ya Lilia, ya kirafiki, kana kwamba sikumkataa wiki iliyopita. "Kumbe wamekupa kiti. Hongera, shoga yangu, ndiyo maana ulitukimbia. Sikiliza, sina maneno mengi. Msichana ni mzuri?"

"Ni mzuri."

"Mikono?"

"Mikono yake ni bora kuliko yangu."

Sevda akaziba mdomo kwa furaha.

"Basi swali moja tu, maana mabosi wangu wameumwa na nyoka kabla. Kuna sababu yoyote, ya kikazi au ya nyumbani, ya msichana huyu kutotoka hapo kwenu?"

Kimya kikakaa. Kimya changu, nilichokizoea, kilichowaponya wagonjwa wengi. Kama ningekaa ndani yake kidogo zaidi labda Lilia angeshtuka, labda angeuliza tena, labda Sevda angenisoma usoni.

Nilimtazama Sevda. Kwenye kona ya mdomo alikuwa na doa la chokoleti yangu. Nikaiona sentensi yangu, nyepesi, imekaa kwenye ulimi. Nikaona pia kiti, na meza yenye simu, na zamu za mchana, na uso wa Plamen siku atakaposikia.

Maisha yangu yote nimelaumiwa kwa kunyamaza. Siku hiyo nilisema.

"Hakuna," nikasema. "Hakuna sababu yoyote."

Sevda alinirukia shingoni. Simu ilikuwa bado sikioni mwangu, na kupitia nywele zake nilimsikia Lilia akicheka.

"Safi. Basi huyu ni wetu. Nampigia Vaskova sasa hivi kumwambia amtoe kwenye ratiba, nisije nikaonekana nimemwibia mtu kwa mlango wa nyuma. Tumekaa dawati moja miaka mitatu, ataniua."

"Lilia, subiri," nikasema.

Alikuwa ameshakata.

Sevda alikuwa anaruka ruka kwenye kokoto za uani kama mtoto, akiniambia atanunua boksi lenye mawaridi kama langu, kubwa zaidi, apite nalo wodi nzima. Juu yetu, kwenye dirisha lile la ghorofa ya kwanza ambalo halifungwi, simu ya metroni ikaanza kulia.

Ililia mara kadhaa. Kisha ikapokewa.

Tulisikia metroni akicheka kwanza, kicheko cha mtu aliyesikia sauti ya rafiki wa zamani. Tukasikia akisema, "Nani?" Tukasikia akisema, "Zdravka amesema hivyo? Zdravka yupi?"

Kisha hatukusikia tena kitu. Kivuli kikaja dirishani, kikatutazama chini, mimi na msichana aliyekuwa amenirudia shingoni. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Metroni Vaskova akalifunga dirisha lake.

"Dada," Sevda akasema, akiniachia na kunitazama. "Mbona metroni anauliza Zdravka yupi?"